Anayekana na Anayesingizia ni Ndugu

(Haya ni mazungumzo ya redio ya wiki hii, kama yalivyosomwa hewani.)

Ndugu wasikilizaji, kamwene!

Hiyo ni salamu ya Wabena na majirani zao wa Nyanda za Juu Kusini, na nimeitanguliza makusudi, maana leo nataka tupande wote hadi Njombe. Ukishuka basi pale Makambako, mahali ambapo reli ya TAZARA inakutana na barabara kuu iendayo Zambia, huchukui muda kusikia ubishi. Mvua ikichelewa, ubishi unaanza. Mvua ikizidi, ubishi unaendelea. Mmoja atakuambia: "Hayo ya tabianchi ni maneno ya semina, watu wanatafuta posho." Mwenzake atamjibu: "Wewe hujui kitu. Siku hizi kila kitu ni tabianchi. Mto umekauka, tabianchi. Umeme umekatika, tabianchi. Hata bei ya viazi ni tabianchi."

Ukiwasikiliza utadhani watu hawa wawili ni mahasimu. Mmoja anakana, mwingine anakubali. Mimi nasema la hasha. Hawa ni ndugu wa tumbo moja. Yule wa kwanza anakana ili asifanye lolote. Yule wa pili anasingizia ili asiulizwe lolote. Wote wawili wanakimbia kitu kimoja, nacho ni daftari la vipimo. Na ili tusielee hewani, nitalieleza jambo hili kwa kupitia kijiji kimoja ambacho hakina nafasi ya kukana wala ya kusingizia. Kijiji hicho kinaitwa Matembwe.

Kutoka Makambako unashika barabara ya Songea. Ukifika Kibena, kabla ya Njombe mjini, unakunja kuelekea Lupembe, kwenye chai, ukungu na misitu ya kupandwa. Huko ndiko iliko Matembwe. Katika miaka ya 1980, wakati vijiji vingi vya Tanzania vilikuwa vikiota umeme kama mtu anavyoota kwenda mwezini, Matembwe walikuwa wanauwasha. Wanakijiji, kwa kushirikiana na shirika la Kiitalia la CEFA, walijenga mtambo mdogo wa kufua umeme kwa nguvu ya maji, wa kilowati 120. Ikaundwa kampuni ya kijiji. Ikaingia katika kutotolesha vifaranga na kutengeneza chakula cha mifugo. Baadaye, huko Ikondo, ukajengwa mtambo mwingine, ukapanuliwa, na ziada ya umeme ikauzwa kwa TANESCO. Kijiji kuiuzia TANESCO umeme! Hilo si jambo dogo, na wenzetu wa Lupembe wana haki ya kutembea kifua mbele.

Sasa tazama mtambo kama huo unavyoishi. Lita 1,000 za maji kila sekunde, zikianguka kutoka kimo cha mita 10, zina nguvu ya karibu kilowati 98, kabla mtambo haujachukua sehemu yake. Kimo hakibadiliki, maana mlima hauhami. Kinachobadilika ni maji. Maji yakipungua nusu, umeme nao unapungua nusu, pengine na zaidi. Mayai yaliyoko kwenye mashine ya kutotolesha yanahitaji joto la nyuzi 37 na nusu hivi, usiku na mchana, kwa siku 21. Ukimwambia kifaranga aliye ndani ya yai kwamba tabianchi ni uongo wa wazungu, hatakuelewa. Na ukimwambia umeme umekatika kwa sababu ya tabianchi, wala si kwa sababu mfereji haukusafishwa, hatakuelewa vilevile. Yeye anataka joto.

Ndiyo maana nasema kijiji kinachokula kwa mtambo wa maji hakina nafasi ya porojo. Kinalazimika kujua maji ni kiasi gani leo, yalikuwa kiasi gani mwaka jana, na kwa nini.

Tuanze na ndugu wa kwanza, anayekana. Sitaki kumcheka, maana hoja zake si za kijinga. Zinahitaji majibu.

Hoja ya kwanza ni ya wazee. Mzee mmoja wa huko Lupembe aliwahi kuniambia, tukiwa tumekaa na mbeta za ulanzi mkononi: "Mwanangu, mimi nimezaliwa nikaikuta mvua, nitakufa niiache. Mvua ni ya Mungu." Nikamuuliza: "Sawa, Baba. Lakini ulanzi siku hizi mnaanza kugema lini?" Mianzi, kwa wasiojua, hutoa ulanzi wakati wa mvua, machipukizi yanapokuwa machanga. Mzee akanyamaza kidogo, akasema: "Hapo umenishika. Siku hizi ulanzi hauna tarehe. Lakini hilo nalo ni la Mungu."

Sikubishana naye juu ya Mungu. Mkulima anayemwamini Mungu haachi kupalilia, wala hapandi mahindi mwezi wa saba akasema Mungu atajua. Ila nataka tuwe wakweli: ushahidi wa mzee yule peke yake hautoshi. Kumbukumbu ya binadamu huchagua. Mvua kubwa tunaikumbuka, mvua ya kawaida tunaisahau. Yangu ni hivyo hivyo. Ndiyo maana duniani wakaweka vipimo.

Na vipimo vinasema nini? Mwaka 1896, wakati Mkwawa wa Uhehe alikuwa bado porini anapigana na Wajerumani, mtaalamu wa Sweden, Svante Arrhenius, alikaa na kalamu yake akapiga hesabu kwamba hewa ya kaboni itokanayo na kuchoma makaa ya mawe, ikiongezeka mara mbili, dunia itapata joto kwa nyuzi kadhaa. Hakukuwa na semina wala posho. Mwaka 1958 wakaanza kuipima hewa hiyo mfululizo kule Mauna Loa, katika visiwa vya Hawaii. Wakakuta sehemu 315 katika kila milioni ya hewa. Leo zimevuka 420. Kabla ya zama za viwanda zilikuwa karibu 280. Na Shirika la Hali ya Hewa Duniani limethibitisha kwamba mwaka 2024 ulikuwa na joto kuliko mwaka wowote tangu vipimo vianze, karibu nyuzi moja na nusu juu ya hali ilivyokuwa kabla ya viwanda.

Hoja ya pili: "Lakini hali ya hewa imebadilika siku zote." Ni kweli. Ziwa Victoria lenyewe liliwahi kukauka, miaka zaidi ya 14,000 iliyopita, na hakukuwa na kiwanda. Lakini, ndugu msikilizaji, watu walikuwa wakifa kabla malori hayajabuniwa. Je, hiyo inathibitisha kwamba lori haliui? Kinachoulizwa ni mabadiliko ya sasa yanaletwa na nini, na kwa kasi gani.

Hoja ya tatu: "Basi ni jua tu limezidi ukali." Hapa watu wa Njombe wataelewa upesi kuliko watu wa Dar es Salaam, maana wao wanalijua blanketi. Usiku wa mwezi Julai ukiongeza blanketi la pili, wewe ndani unapata joto, lakini juu ya blanketi kunakuwa baridi zaidi kuliko awali, maana joto lako halitoki. Hewa ya kaboni ni blanketi. Kama jua ndilo limezidi, anga lingepata joto kote, chini na juu. Vipimo vinaonyesha huku chini kunapata joto, na tabaka la juu la anga linapoa. Hiyo ni alama ya blanketi, si alama ya jua.

Hoja ya nne: "Mbona Njombe bado kuna baridi?" Ndiyo, na itaendelea kuwapo. Hali ya hewa ya leo ni kama bei ya gunia la viazi leo pale Makambako: inapanda na kushuka, leo furaha, kesho kilio. Tabianchi ni wastani wa bei hiyo kwa miaka 30. Ndivyo wataalamu wanavyohesabu, miaka 30. Mtu hawezi kusema viazi havijapanda bei tangu alipozaliwa eti kwa sababu Jumanne iliyopita alipata vya bei rahisi.

Na vipi mafuriko? Ikiwa kuna ukame, mbona Desemba 2023 maporomoko ya tope kutoka Mlima Hanang yaliua watu zaidi ya 80 kule Katesh? Jibu ni moja kwa yote mawili. Hewa yenye joto hubeba mvuke mwingi zaidi, karibu asilimia 7 kwa kila nyuzi moja. Ni kama mtu aliyebadilisha ndoo ndogo kwa pipa. Linachukua muda mrefu kujaa, na wakati huo wewe unalia ukame. Likimwagika, unalia mafuriko.

Hoja ya tano ndiyo inayosemwa sana mijini, na inasemwa na wasomi: "Huu ni mradi wa wazungu." Ndugu zangu, shaka hiyo haikutoka hewani. Tumeletewa miradi mingi iliyoondoka na magari yake. Lakini sikilizeni hili. Mwaka 2010 watafiti watatu wa Kitanzania, Ladislaus Chang'a, Pius Yanda na James Ngana, walichapisha utafiti wao juu ya namna wakulima wa nyanda za juu za kusini magharibi wanavyotabiri mvua kwa elimu ya wazee wao. Waliandika jinsi miti ya mihemi inavyotoa maua mapema na kwa wingi, kati ya Julai na Novemba, na wazee wakasoma humo dalili ya msimu mwema. Hawakuidharau elimu ile. Waliiweka kando ya vipimo. Na mmoja wa watafiti hao, Dakta Chang'a, ndiye Mkurugenzi Mkuu wa Mamlaka ya Hali ya Hewa Tanzania, na mwaka 2023 alichaguliwa kuwa makamu mwenyekiti wa jopo la kimataifa la tabianchi. Anayesema ni jambo la wazungu, basi amwambie na Mtanzania huyo kwamba ni mzungu.

Kama kuna mradi wa wakubwa wa nje, basi ni ule wa kukana. Tangu mwishoni mwa miaka ya 1970 wanasayansi wa kampuni ya mafuta ya Exxon walikuwa wakikadiria joto litakavyopanda, na uchambuzi uliochapishwa mwaka 2023 katika jarida la Science ulionyesha kwamba makadirio yao yalikuwa sahihi kwa kiasi cha kushangaza. Hadharani, kampuni hiyo hiyo kwa miaka mingi ilipanda mbegu za shaka. Ndani wanajua, nje wanakana. Na Septemba 2025 Rais wa Marekani, Donald Trump, alisimama mbele ya Baraza Kuu la Umoja wa Mataifa akasema mambo haya ni ulaghai mtupu, baada ya kuwa ameamuru Januari mwaka huo nchi yake ijitoe katika Mkataba wa Paris wa mwaka 2015. Mwenye visima vya mafuta akikana, tunajua anachokilinda. Lakini mkulima wa Lupembe akikana, analinda kisima cha nani?

Hayo ni ya anayekana. Sasa tumgeukie ndugu yake, maana huyu ni mjanja zaidi. Amevaa suti, anazungumza lugha ya mikutano, na neno tabianchi haliishi mdomoni mwake. Huyu ni anayesingizia.

Teremka kutoka Njombe upande wa magharibi, maji ya Wanging'ombe yanakoelekea, utafika bonde la Usangu na Mto Ruaha Mkuu. Mto ule, ambao ulikuwa ukipita mwaka mzima, ulianza kukatika wakati wa kiangazi mnamo mwaka 1993, ndani ya Hifadhi ya Taifa ya Ruaha. Viboko wakabaki kwenye madimbwi. Mwaka 2001 Waziri Mkuu wa wakati huo, Frederick Sumaye, alitangaza akiwa London kwamba ifikapo mwaka 2010 mto utatiririka tena mwaka mzima. Mwaka 2010 ukaja na kupita, na mto ukaendelea kukauka kila kiangazi.

Nani alaumiwe? Wengine walisema mvua. Wengine walisema wafugaji, na wafugaji wakahamishwa na ng'ombe wao mwaka 2006. Lakini watafiti waliokaa Usangu na kupima maji mfereji kwa mfereji waliona kwamba sehemu kubwa ya kisa ilikuwa mifereji ya umwagiliaji iliyoachwa ikichota maji hata kiangazi, wakati mto ndio unayahitaji zaidi. Maji hayakupotea angani. Yaliingia mashambani, mengine yakamwagika tu. Hali kadhalika na bwawa la Mtera. Mtakumbuka mgao wa umeme wa mwaka 1992 na 1994, kisha 2006, kisha 2011. Kila mara tuliambiwa ukame. Ukame ulikuwapo, sibishi. Lakini waliochambua mwenendo wa Mtera waligundua kwamba upungufu wa mvua peke yake hautoshi kueleza bwawa kukauka katika miaka ile ya 1990. Namna maji yalivyofunguliwa kati ya Mtera na Kidatu nayo ilichangia.

Mnaona hatari yake? Kiongozi akisema "ni tabianchi", neno hilo linafunga mjadala. Nani atamshtaki wingu? Hakuna wa kuwajibika, hakuna swali, hakuna daftari la kufungua. Mwishoni mwa mwaka 2022 Dar es Salaam ilipoingia mgao wa maji kwa sababu Mto Ruvu umepungua, wengi wetu tulikubali jibu la ukame tukaenda kununua madumu. Wachache waliuliza maji yanavuja kiasi gani kwenye mabomba, na nani anachota juu ya mto, kwa kibali gani.

Sasa mtu ataniuliza: "Mbona unatuchanganya? Tukikana tuna makosa, tukikubali tuna makosa?" Hapana. Kukubali si kosa. Kosa ni kukubali bila kupima. Nitawapa mifano miwili. Kati ya mwaka 2020 na 2023 Pembe ya Afrika, pamoja na mashariki ya Kenya, ilikosa mvua misimu mitano mfululizo. Mifugo ilikufa kwa mamilioni. Wataalamu wanaochunguza matukio ya hali ya hewa walipima, wakasema ndiyo: ukame wa namna ile umefanywa uwezekane kwa kiasi cha mara 100 zaidi na joto lililoletwa na binadamu. Lakini wataalamu hao hao walipopima ukame wa kusini mwa Madagascar wa 2019 hadi 2021, wakati dunia nzima ilikuwa imekwisha kuuita njaa ya tabianchi, wakasema hapana: sehemu ya tabianchi ni ndogo, kubwa ni kubadilika kwa kawaida kwa mvua pamoja na umaskini. Huo ndio uungwana wa kipimo. Anayepima anaweza kusema ndiyo, na anaweza kusema hapana. Anayekana anajua neno moja tu, na anayesingizia naye anajua neno moja tu.

Turudi Njombe, maana huko kisa hiki kina uchungu wake. Wenzetu wa Njombe na Iringa wana vinyungu. Kinyungu ni bustani ya bondeni, kwenye unyevunyevu. Wakati wa kiangazi, shamba la mlimani likiwa limelala, kinyungu ndicho kinachotoa maharage, mboga na mahindi mabichi. Ada ya shule ya mtoto iko kinyunguni. Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004 inakataza shughuli za kudumu ndani ya mita 60 kutoka kwenye chanzo cha maji au ukingo wa mto. Basi anakuja mkubwa na kamba, anamwambia mama mwenye kinyungu: "Ondoka, unaleta mabadiliko ya tabianchi."

Huko nako ni kusingizia. Mama yule hajaileta tabianchi. Afrika nzima, pamoja na watu wake zaidi ya bilioni 1.4, inatoa chini ya asilimia 5 ya hewa hiyo ya kaboni inayotokana na mafuta, makaa na gesi. Kinyungu kinaweza kuharibu kijito, ndiyo, na hilo ni kweli la kuzungumzwa naye kwa heshima. Lakini pale pale juu ya kinyungu chake kuna milingoti imepandwa hadi ukingoni mwa maji, na mlingoti unajulikana kwa kiu yake. Mwenye milingoti mara nyingi hakai kijijini. Yuko Dar es Salaam, au Mbeya, anangoja miti ikomae aiuze nguzo za umeme. Kamba ya mita 60 inamfikia mama upesi, lakini kwa mwenye milingoti inakuwa fupi. Kama sheria ni ya maji, basi na ipimwe kwa maji, si kwa unyonge wa mtu.

Na kwa kuwa nimeanza kusema ukweli, niumalizie. Mkoa wa Njombe wenyewe umekalia makaa ya mawe. Yako Mchuchuma, wilayani Ludewa, jirani na chuma cha Liganga, na kwa miaka mingi tumezungumzia kuyachimba. Sisemi nchi maskini ibaki gizani ili mwenye magari matatu kule Ulaya apumue vizuri. Aliyeanza kuchafua ndiye aanze kufagia. Lakini tusije tukawa na midomo miwili, mmoja wa kudai fidia kwenye mikutano ya dunia na mwingine wa kukana hewa ya makaa yetu kana kwamba yenyewe inanukia marashi. Tukiamua kuyachoma, tuyachome tukiwa tumeandika hesabu yake wazi, faida huku na hasara huku.

Huenda wewe unayenisikiliza ukiwa kwenye daladala ya Kariakoo unajiuliza Matembwe inakuhusu nini. Inakuhusu. Maji ya upande ule wa Njombe yanashuka hadi bonde la Kilombero, na Kilombero ndiyo inayoleta zaidi ya nusu ya maji ya Mto Rufiji. Huko ndiko liliko bwawa la Julius Nyerere, la megawati 2,115, ambalo mtambo wake wa kwanza uliwashwa mwaka 2024. Taa yako ya Kariakoo ni mtoto wa vijito vya kule juu. Swali la Matembwe, la maji leo ni kiasi gani na kwa nini, limekuwa swali la nchi nzima. Tofauti ni moja tu: Matembwe maji yakipungua wanajua siku ileile. Sisi wa mjini tunajua siku ya mgao.

Basi tufanye nini? Nina mambo matatu, na hakuna linalohitaji semina.

La kwanza, kila shule ya msingi iwe na kipima mvua na daftari. Chombo chenye pande zilizonyooka, kiwekwe mahali peupe, mwanafunzi asome kwa rula kila siku saa tatu asubuhi, aandike. Milimita moja ya mvua ni lita moja katika kila mita moja ya mraba. Paa la bati la mita 50 za mraba likipata mvua ya milimita 20, hizo ni lita 1,000, tangi zima. Mtoto aliyeandika hayo miaka saba hatadanganywa na anayekana, wala hatadanganywa na anayesingizia. Na daftari hilo lisitupwe mwalimu mkuu akihamishwa.

La pili, kila mwenye mamlaka atakayetuambia "ni tabianchi" tumuulize kwa adabu maswali mawili. Kipimo kiko wapi? Na kabla mvua haijakosa, wewe ulifanya nini? Akiwa na majibu, tumshike mkono, maana atakuwa anastahili msaada wetu na wa dunia. Asipokuwa nayo, tumwambie kwamba wingu si mtumishi wa serikali wa kubebeshwa makosa yake.

La tatu, tusiache kudai haki yetu nje. Nchi zilizotajirika kwa moshi zina deni, nasi tuna haki ya kulidai. Lakini mdai mwenye daftari husikilizwa, na mdai mwenye kilio peke yake hupewa pole. Tukienda mkutanoni na rekodi za mvua za Lupembe, za mto wa Matembwe, za Usangu, tukasema hiki ni chenu na hiki ni chetu, nani atatukana? Tukienda na neno moja la kusingizia kila kitu, mkanaji wa kule atatushika kwenye uongo mmoja, kisha akatupa na kweli zetu zote.

Wahenga walisema mficha maradhi, kilio humuumbua. Mimi naongeza: na anayeita kila maradhi malaria, kilio kitamuumbua vilevile, maana atakunywa dawa isiyo yake. Joto la dunia ni ugonjwa wa kweli, na umetufika. Uzembe nao ni ugonjwa wa kweli, na tulikuwa nao zamani. Tusiruhusu mmoja ujifiche nyuma ya mwingine.